Njuga za Utandoni

Namna Mwatime na Salha walivyofika Utandoni tutaiacha, kwa sababu wenyewe hawajawahi kukubaliana juu yake. Mwatime hudai ni yeye aliyeiona njia kwanza. Salha, akiulizwa, hucheka tu na kubadilisha mazungumzo. Lenye uhakika ni kwamba waliingia nchini humo wakiwa mashoga wa miaka saba, wanawake wawili waliokwisha kutembea nchi nyingi, wakagawana mkeka, kijiko na homa. Mwatime aliandika habari za kila nchi na Salha alichora ramani zake. Mtu angewaona wakati ule asingesema kuna kitu kinachoweza kupita katikati yao.

Utandoni ni nchi ambayo bado inajengwa. Wenyeji hawaoni haya kulisema. Ukiuliza soko liko wapi, utaonyeshwa uwanja mtupu na kuambiwa, "Litakuwa pale." Ukiuliza mtu anafanya kazi gani, atakujibu kwamba bado hajaitwa. Mipaka yote ya nchi imezungushiwa ukuta mmoja, nao si wa mawe wala udongo. Ni laini kama ngozi iliyopakwa mafuta, unatikisika ukiuegemea, na juu yake vimepandwa viti maelfu ambavyo huelea polepole huku na huku kama majani juu ya bwawa. Ukuta huo ndio Utando, na nchi imechukua jina lake.

Sheria ya wageni ni fupi: anayekaa zaidi ya siku tatu hupewa kiti, au huonyeshwa lango. Mwatime na Salha walitaka kukaa. Wakapelekwa kwa Bwana Mwinyikai, msimamizi wa Mtaa wa Ukingoni, mtu mrefu, mkavu wa maneno, ambaye kila wakati alikuwa na kitambaa kibichi mkononi kama mtu anayetarajia kufuta kitu.

"Kila kiti kina pembe," aliwaeleza akiwatembeza juu ya ukuta. "Upande mpana unatazama nje, upande mwembamba unaingia sikioni mwako. Nje wanapita wapiga mbiu. Kila mbiu ina kiti chake. Wewe utasikia wito wako tu. Mwingine haukuhusu."

"Hata ukiwa wito wa moto?" Mwatime aliuliza.

"Moto una kiti chake."

"Na aliyekalia kiti cha moto akiwa amesinzia?"

Mwinyikai alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Basi tutaungua kwa utaratibu," akasema.

Aliyesikia wito hakuruhusiwa kutamka neno. Aliinama ndani, akachovya kiganja kwenye chokaa, akampiga bega mtu aliyesimama chini yake. Mtu huyo, ambaye mpaka hapo alikuwa amesimama kama gogo, aliamka, akakimbia mpaka kwa mwenzake, akampiga bega naye. Na huyo wa tatu, na wa nne, mpaka habari ikafika Nyumba ya Kitabu katikati ya mtaa. Nyuma yao walifuata wafutaji wenye vitambaa vibichi. Walifuta chokaa kwenye kila bega, na aliyefutwa alisimama tena kama gogo. Ofisi ya kuamsha na ofisi ya kulaza zilikuwa na watumishi sawasawa, na kila moja iliamini kwa dhati kwamba nyingine ndiyo inayochelewesha maendeleo.

Kitabu chenyewe ni kimoja kwa mitaa yote, neno kwa neno. Hakuna aliyewahi kukisoma chote. Tofauti ya mtaa wa waashi na mtaa wa wapiga picha ni kurasa zilizofunguliwa tu, na zinazofunguliwa hutegemea ni wito gani umesikika ukutani.

Lakini sheria iliyowashangaza zaidi ilikuwa ile ya kushushwa. Kila kiti kilifungwa kamba kwa chini. Aliyekalia akishasikia wito wake, wavutaji walimvuta yeye na kiti chake ndani ya ukuta mpaka Shimoni. Huko alikaa mama mmoja wa makamo ya mwisho, Bi Mafunda, macho mekundu kwa vumbi la chokaa, naye alimfunga utepe mkononi. Mwenye utepe mmoja alipanguswa, akapumzika, akarudishwa juu. Mwenye tepe nyingi, kiti chake kilivunjwa mbao, na mbao zikatengenezea viti vya wengine.

"Kwetu," Mwatime alisema, "mtu akipata kiti hashuki mpaka abebwe."

"Na nchi yenu imekwisha kujengwa?"

"Bado."

"Naona," Mwinyikai akasema, akaendelea na safari. Baadaye kidogo akaongeza, bila kugeuka, kwamba upande wa kusini kulikuwa na mtaa ambao mtu mmoja alikata kamba za kiti chake. Alikuwa na wito wa "Ongezeni." Mpiga mbiu alikwisha kwenda zake, lakini yeye aliendelea kupiga bega la mwenzake mchana kutwa, na mtaa ukaongeza nyumba juu ya nyumba, mpaka nyumba zikakosa milango na watu wakakosa pa kutokea. "Hatuendi kutembea huko," alimaliza.

Basi Mwatime na Salha wakapewa viti viwili vilivyogusana. Upande ambao kiti kimoja kinagusa kingine zilitundikwa njuga kumi, kumi kwa Mwatime na kumi kwa Salha, kengele ndogo za shaba ambazo zikitikisika jirani hawezi kuacha kuzisikia. Mwinyikai alieleza sheria yake kwa sauti ileile aliyoelezea nyingine zote. Jirani yako akisikia njuga yako, habari inakwenda Nyumba ya Kitabu kwa njia yake mwenyewe, na Kitabu kinaagiza njuga moja iondolewe kwake. Mwishoni mmoja atabaki na njuga na mwingine hatabaki nazo. Mwenye njuga atakuwa Mnenaji: atachimbiwa njia ya wapokezanaji mpaka pembe za mbali za nchi, na kiti chake kitapewa wito mkubwa. Asiye na njuga atakuwa Msitiri: atavaa nguo ya rangi ya majivu, ataupaka ukuta mafuta, ataushika usilegee kumzunguka Mnenaji.

"Na tukiwa Wanenaji wote wawili?" Salha aliuliza.

"Wote wakiwa Wanenaji, nani atakuwa ukuta?"

Wakacheka, wakaketi. Mwatime alikuwa na hakika moyoni, hakika ambayo hakuwahi kuitafutia maneno, kwamba njuga zitabaki kwake. Ndiye aliyekuwa mkubwa. Ndiye aliyesema na wakuu wa nchi zote walizopita. Salha ni mtu wa kuchora.

Asubuhi ya kwanza Salha aliinua mkono kupanga mtandio wake, kiwiko chake kikagusa njuga. Ilikuwa ajali. Hata yeye aliruka kidogo kwa mshtuko, akasema, "Samahani, shoga." Lakini Mwatime alikwisha kuisikia, na kabla jua halijafika utosini mtumishi wa Nyumba ya Kitabu alipanda, akafungua njuga moja upande wa Mwatime, akaitia mfukoni, akashuka.

Njuga kumi na njuga tisa hazitofautiani sana kuziangalia. Lakini kumi hulia kidogo zaidi kuliko tisa, na kwa kuwa zililia zaidi, kesho yake Mwatime alibaki na saba. Na aliyepungukiwa njuga zake huwa hamsumbui jirani, basi jirani huongezewa. Siku ya tatu Salha alikuwa na kumi na mbili.

Hapo ndipo kitu kilipoanza kumla Mwatime. Kwanza aliacha kula vizuri. Kisha akaanza kuona mambo ambayo kwa miaka saba hakuyaona: kwamba Salha anapanga mtandio wake mara nyingi kuliko haja, kwamba anapocheka hutazama nani anamtazama, kwamba wavutaji kamba humwamkia yeye kwanza. Akahesabu njuga za mwenzake alipoamka, akazihesabu tena baada ya chai. Zilipolia aliuma meno. Zilipokaa kimya aliona kwamba Salha ananyamaza makusudi ili amdhihaki.

Na kweli Salha alikuwa ananyamaza makusudi. Siku ya nne alizifunga njuga zake zote kwa kitambaa. "Nimezifunga," alimnong'oneza. "Zisilie. Labda watakurudishia zako."

Mwatime aliangalia kile kitambaa, kimefungwa kwa fundo zuri la upendo, akahisi uso unamchoma. Kunyang'anywa angeweza kuvumilia. Kuhurumiwa, hapana. Mkaguzi alipopita adhuhuri akakifungua kile kitambaa na kumkanya Salha kwa kuzuia ujenzi wa taifa, Mwatime alifurahi, halafu njuga zikalia zote kwa pamoja, furaha ikamtoka.

Siku ya sita hakuwa na njuga hata moja. Alikwenda kwa Mwinyikai.

"Shikamoo, Bwana Msimamizi. Nataka kujua kwa nini amechaguliwa yeye."

"Marahaba. Kwa sababu ya kiwiko."

"Kiwiko si sababu! Mimi ninajua kusema. Nimesema mbele ya masultani. Salha akiwa mbele ya watu watatu hutafuta mlango."

"Huenda wewe ni bora," Mwinyikai alikubali bila ubishi. "Lakini sisi hatumchagui aliye bora. Tunamchukua aliyetangulia kidogo, halafu tunamfanya awe bora. Kwenu mnafanyaje?"

Mwatime akakumbuka wakubwa kadhaa wa kwao na jinsi walivyopata ukubwa.

Alivishwa nguo ya majivu. Kwa siku kumi na mbili aliupaka ukuta mafuta kuzunguka kiti cha Salha, na kwa siku hizo kumi na mbili wachimbaji walichimba njia ya Salha. Watu waliosimamishwa katika njia hiyo walijifunza mabega ya wenzao mpaka waliweza kuyapata macho yakiwa yamefumbwa. Njia ilifika mpaka mahali paitwapo Mshono. Hapo kingo mbili za Utando zilikuwa bado hazijakutana. Kati ya kingo hizo kulikuwa na bonde, na bondeni nyumba arobaini za udongo mbichi. Nje yake kulikuwa na maji ya chumvi. Wito wa Salha ulikuwa huu: siku mpiga mbiu atakaposema "Fungeni," yeye aamshe njia, na kingo zile zivutane zishikane juu ya bonde.

"Wito huo huja mara ngapi?" Salha alimuuliza Mwinyikai.

"Mara moja."

Salha alibadilika rangi. Alimtafuta Mwatime kwa macho, jinsi alivyozoea kumtafuta wakiwa katika jambo zito. Mwatime alikuwa ameinamia kopo la mafuta. Alimwona, akaendelea kupaka.

Mchana mmoja Salha alishushwa Shimoni, kama walivyoshushwa Wanenaji wote, apanguswe na kupumzika kabla ya siku yake. Mwatime, kwa kuwa ndiye Msitiri wake, aliitwa awe miongoni mwa wavutaji. Bi Mafunda alimfunga Salha utepe mmoja, akamwambia, "Fumba macho, mwanangu, pumzika," kisha akainuka kwenda kunawa macho yake yaliyokuwa yanamwasha. Wavutaji wengine walikwenda kunywa maji. Kikapu cha tepe kilibaki sakafuni.

Mwatime hakuwa amepanga. Alisema hivyo baadaye na inaelekea ni kweli. Alisimama akimtazama shoga yake aliyefumba macho kitini, uso umetulia, mkono umelegea, akasikia njuga moja ikilia yenyewe juu ukutani. Akaokota utepe. Wa pili aliufunga kwa hasira. Wa tatu kwa hofu. Kuanzia wa nne mikono yake ilikuwa imekwisha kuijua kazi. Alipofika wa saba alirudi mahali pake na kushika kamba.

Wavunja viti hawaulizi maswali. Walihesabu tepe, wakamwinua Salha, wakakibomoa kiti mbele yake, mbao zikapangwa pembeni. Salha alitazama mkono wake. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Kuna kosa," na mmoja wa wavunjaji akamjibu kwa adabu kwamba ofisi ya makosa iko katika jengo ambalo bado halijajengwa. Akavishwa nguo ya majivu, akapelekwa mbali, Mshononi, kushika ukingo pamoja na Wasitiri wa huko.

Na hapa yalitokea yale ambayo Mwatime hakuyatarajia, ingawa sheria ilikuwa wazi tangu mwanzo. Njuga za Salha zilikuwa hazilii tena. Mtu asiyenyamazishwa na jirani huanza kuota njuga zake mwenyewe. Asubuhi ya pili mtumishi wa Nyumba ya Kitabu alipanda na njuga tatu. Jioni akaleta nne. Nguo ya majivu ilichukuliwa, kiti kikaletwa, pembe ikaelekezwa nje, na Mwinyikai akaja na kitambaa chake kibichi akasema, "Wito wa Salha sasa ni wako."

Lazima isemwe: alifurahi. Alikaa kitini, akapanga mtandio wake, akatikisa njuga ili azisikie tu. Alijiambia kwamba si yeye aliyefanya, ni sheria. Kwamba mambo yamerudi mahali yalipostahili kuwa tangu awali. Kwamba Salha hakuwahi kuutaka mzigo ule na sasa ametuliwa. Wavutaji kamba walimwamkia yeye kwanza. Kwa siku mbili nzima hakumwonea mtu yeyote wivu, akaona ajabu jinsi mwili unavyokuwa mwepesi.

Siku ya tatu aliuliza kuhusu njia.

"Tunachimba," wakamwambia. "Ya mwanzo ilikuwa ya kiti kile kingine. Kiti kikivunjwa, watu wake hufutwa mabega na kugawiwa kazi nyingine."

"Imefika wapi?"

"Robo."

Wito ulikuja asubuhi ya siku ya tano. Mwatime alikuwa ameufikiria kama sauti ya tarumbeta. Ulikuwa sauti ndogo, karibu ya aibu, kama ya mtu anayebisha mlango wa jirani kuomba chumvi. Ulisema, "Fungeni," ukapita.

Aliuelewa mara moja. Alichovya kiganja, akampiga bega mtu wa chini yake kwa nguvu mpaka chokaa ikaruka. Mtu aliamka, akakimbia. Wa pili akaamka. Kutoka juu ya ukuta Mwatime aliwaona wakipokezana, wa sita, wa saba, wa tisa, mpaka wa mwisho, ambaye alikimbia mpaka pale njia ilipoishia, akasimama katikati ya uwanja mtupu na kiganja chake cheupe kikiwa hewani, akitafuta bega.

"Endelea!" Mwatime alipiga kelele. "Kimbia! Waambie wafunge!"

Lakini Utandoni hakuna aliyefunzwa kusikia maneno. Yule mtu aligeuka kushoto, akageuka kulia. Mfutaji akamfikia, akamfuta bega, naye akasimama tena kama gogo.

Huko mbali, pande nyingine za Mshono, viti vingine vilikuwa vimesikia wito wao. Kingo zilianza kuvutana taratibu, zikashikana, zikawa ngozi moja. Katikati tu, upande wa Mwatime, kingo zilisimama. Palibaki pengo la upana wa mikeka mitatu. Maji ya chumvi yakaanza kuingia, na nyumba za udongo mbichi zikaanza kuyeyuka moja baada ya nyingine, na watu wakatoka wakiwa wamebeba watoto na masufuria vichwani.

Baraza lilikaa siku ileile. Afisa wa Ramani alisimama kwanza akathibitisha kwamba katika ramani hakuna pengo, kwa hiyo pengo halipo. Afisa wa Milango alidai kwamba kama lipo, basi ni mlango, na hakuna aliyemwomba kibali. Walijadiliana mpaka maji yakafika miguuni mwa waliokaa safu ya mbele, ndipo Mwinyikai akaomba waletewe mbao za kiti kilichovunjwa. Zikaletwa, na juu yake tepe saba zilizofunguliwa mkononi mwa Salha.

"Mwenye kiti kipya, asiyesikia hata wito mmoja, amefungwa tepe saba," alisema. "Nani alizifunga?"

Bi Mafunda aliinuka kwa shida. Alizisogeza tepe karibu na macho yake mekundu, akazipapasa. "Kazi ya utepe ni yangu," alisema. "Macho yameniharibikia miaka hii. Huenda nilifunga nikasahau, nikafunga tena. Niondoeni, wanangu. Nilipaswa kuomba mwenyewe niondolewe."

Mwatime alikuwa amekaa safu ya pili. Hakuna aliyemtazama. Njia ya kutokea ilikuwa imefunguka mbele yake, safi kabisa, na alihitaji kukaa kimya tu. Akamwona Bi Mafunda anaanza kulifungua shela la kazi begani, fundo linamshinda. Mafundo mia kwa siku alikuwa anafunga yule mama, na hili moja linamshinda.

"Ni mimi," Mwatime alisema.

Akainuka, akarudia.

"Kwa nini?" Mwinyikai aliuliza.

"Kwa wivu."

Karani aliacha kuandika, akauliza wivu uko ukurasa wa ngapi wa Kitabu. Hakuna aliyejua. Mwinyikai alimgeukia Mwatime, na kwa mara ya kwanza hakuwa mkavu.

"Kitabu kinajua jirani kumnyamazisha jirani," alisema. "Hilo kwetu si kosa. Ndilo tunalojengea nchi. Mngegombania njuga mnavyotaka siku zile za mwanzo, na yeyote angeshinda tungempa njia. Wewe umemnyamazisha mwenzako baada ya njia yake kuchimbwa. Wakati ni kitu ambacho hatuna namna ya kukirudisha juu kwa kamba."

Hawakumfunga wala hawakumfukuza. Walimvua njuga, wakampa nguo ya majivu, wakamwonyesha lilipo pengo.

Alikuta watu zaidi ya mia wamesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, nusu kila upande, wameshika kingo za Utando kwa mikono mitupu, wanazivuta zikutane. Salha alikuwa katikati yao. Hakuwa na pembe, hakuwa na njuga, hakuwa na chochote. Alikuwa amegundua kwamba watu wakivuta kila mtu kwa wakati wake ngozi inateleza, lakini wakivuta kwa pumzi moja inakuja kidogo. Basi alikuwa anahesabu pumzi kwa sauti, yule Salha wa kutafuta mlango mbele ya watu watatu, na watu mia walikuwa wanapumua anapopumua.

Na Mwatime, akiwa na aibu yake yote, na maji ya chumvi yanapanda mapajani, akasikia kitu kilekile kikimuuma palepale. Hata hapa. Hata katika matope, mbele ya maangamizi aliyoyaleta mwenyewe, alitamani zile pumzi zihesabiwe na yeye.

Akasogea mpaka karibu. "Salha."

Salha hakugeuka. "Nilizisikia tepe," alisema. "Sikuwa nimelala. Nilizihesabu. Nilidhani utaishia ya tatu, kisha utalia, kisha utanifungua. Nilikungojea."

"Kwa nini hukufumbua macho?"

"Ningefumbua, ningekuona."

Maji yaliwapiga. Ukingo uliteleza, watu wakapiga ukelele, wakaushika tena. Mwatime alianza kusema jambo refu alilokuwa amelitunga njiani, lenye mwanzo na mwisho.

"Sijakusamehe," Salha alimkatiza. "Shika upande ule, pale mzee anapochoka."

Akashika. Alivuta kwa pumzi ya Salha siku kumi na moja, wakibadilishana na wengine kula na kupumzika, na katika siku hizo hawakusemeshana ila "Vuta" na "Legeza." Nyumba ishirini na sita zilianguka. Siku ya kumi na moja kingo zikagusana, zikashikana kwa ugumu, zikaacha kovu nene lenye mikunjo ambalo wenyeji wanasema halitaondoka hata nchi itakapomalizika kujengwa. Watu walikaa chini pale pale walipokuwa, mikono imechubuka, wakicheka na kulia.

Salha aliomba kubaki Utandoni, akabaki. Kuna mambo mengi ya kuvutwa kwa pamoja katika nchi ile. Mwatime aliomba kuondoka. Waliagana mbele ya watu, kwa mkono, kama watu waliojuana safarini.

Langoni afisa wa kutoka alimfungulia daftari, akamuuliza jina, akaandika. Akamuuliza sababu ya kuondoka.

"Wivu," Mwatime akasema. Alikuwa amechoka kutafuta neno jingine.

Afisa aliandika bila kuinua kichwa. "Umeupatia hapa, au uliingia nao?"

Mwatime alifikiri. Alifikiri mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa.

"Niliingia nao," akasema.

"Basi toka nao," afisa akasema, akamfungulia lango. "Hapa tuna wa kwetu wa kututosha."